Maharage Yaliyoimba Wimbo wa Gari

Efrazia alikuwa katikati ya tuta, shambani kwake Lukozi, aliposikia maharage yanaimba. Majani yalikuwa na mabaka ya njano, na chini yake vidukari weusi wamejaa kama ufuta. Wimbo ulikuwa ule wa gari la matangazo lililouza mbegu mwanzo wa msimu: “Mbegu safi, mavuno safi.” Akamaliza kwanza kupalilia, maana jua lilikuwa linapanda, kisha akang'oa miche michache na kupanda bodaboda hadi kituo cha utafiti, Lushoto.

Roho ilimuuma. Ng'ambo moja ya mfereji alipanda mbegu ya gari. Ng'ambo ya pili, mbegu aliyopewa na marehemu mama yake, Zipora, siku ya kuolewa. Mwaka huu ilikuwa zamu ya binti yake, Glory, kupewa. Sasa shamba zima liliimba.

“Shikamoo, mama,” alisema Yusta, mtafiti wa mimea.

“Marahaba, mwanangu. Niokolee mbegu ya mama.”

Yusta akaponda majani, akachuja maji yake, akayapaka kwenye miche mizima ndani ya nyumba ya wavu. Mingine akaiwekea vidukari kwa brashi. Yote ikatoka mabaka, ikaanza kuimba. Akachuja tena na tena mpaka kirusi kikabaki peke yake kichupani, akakitegea sikio.

“Kimekuja na mbegu ya gari,” alisema. “Vidukari wamekivusha mfereji tu. Pole, mama. Shamba lote tung'oe, tuchome. Ila punje za upande wa mama yako tutazitoa kwanza, tuzipande humu kwenye wavu mojamoja. Mche utakaonyamaza ni wa mama yako.”

Wakubwa wa Yusta walikuja, wakakisikiliza kichupa kwa zamu. Wakakubali kwamba ndio wimbo wenyewe, wakarudi ofisini.

Mbegu iliyopona ilijaa kiganja kimoja. Efrazia aliitegea sikio akalia kwa furaha. Siku ya harusi, kule Rangwi, alimpa Glory ikiwa imefungwa kwenye kitenge cha Zipora.

“Sikiliza.”

“Sisikii kitu, mama.”

“Basi ndiye bibi yako huyo.”

Glory akaikumbatia. Nje, gari la matangazo lilikuwa linapanda kilima likiimba. Mama mkwe, aliyempenda mkamwana wake tangu siku ya posa, aliona mbegu ile ni kidogo mno kwa shamba la bibi harusi. Akachukua beseni, akatoka mbio kuliwahi gari.