Anayepinga Asimame

Usinibishie, wewe moyo, magoti yananiuma kweli, keti wewe kwenye dawati la darasa la kwanza na uzee wangu huu ndipo uniite mwongo, mtu hainuki hapa kama anayeitwa kula... "Anayekubali akae kama alivyo, anayepinga asimame," anasema mwenyekiti, na mwenyekiti huyo nimemzaa mimi, leo kavaa tai, tangu shule ziambiwe zijiendeshe zenyewe, bodi ya wazazi imeshikwa na homa ya tai, nasi tulishangilia, tukadhani sasa tutaamua wenyewe habari za vyoo na lile lango bovu, kumbe jambo la kwanza ni kulifunga darasa la watoto wasiosikia, eti ni wachache, eti chumba kiwe cha kompyuta... na aliyesimama ni mmoja tu, mfua nguo, jirani yangu, mikono imechakaa kwa sabuni, ananitazama, usinitazame, mama... juzi alikuja na binti yake, yule asiyesikia, akaniambia, "Bibi, wewe ukisema watu wanatulia, utasimama nami?" nikajibu, mdomo huu huu, "Nisiposimama niite mbwa," na binti akacheka, akagongesha vidole vyake mbele ya midomo, pa-pa-pa, ndilo jina alilonipa kwa mikono, yule wa maneno mengi, darasa hilo ndilo lililompa mikono ya kusema, kabla yake alikuwa akivuta tu kanga ya mama yake na kulia, na likifungwa atarudi kukaa kwenye mabeseni ya nguo za watu... yako wapi hayo maneno mengi leo, Bibi Pa-pa-pa?... "Wazee wetu wasisumbuke," anatania mwanangu, "magoti yao tunajua yako upande wetu," ukumbi unacheka, nami nacheka, Mungu wangu, nimecheka na meno yote niliyobakiwa nayo, kwa sababu alinitazama kama alivyokuwa akinitazama alipokuwa mdogo, mama usiniaibishe mbele ya watu, na kwa sababu ni raha kuitwa mama wa mwenyekiti, nimepishwa kiti dukani wiki nzima, basi hilo ndilo gonjwa la magoti, sema... "Wengi wamekaa. Limepita. Tuje kwenye lango." Mfua nguo hakai. Hanitazami usoni tena, anayatazama magoti yangu, nami nainuka, wala hayalii, hayatetemeki, yananyooka kama ya msichana, aibu iliyoje, laiti yangevunjika.

"Mama, hapo tumeshapita," asema mwanangu kwa upole, "au unakwenda msalani?"

Wanacheka tena. Napita kati ya madawati, mzima kabisa, natoka, naufunga mlango.