Barua ya Ukutani

Sikio hakuwa na gari, hakuwa na shahada, na kichwani hakuwa na unywele hata wa dawa. Hakuwa na sikio la kushoto; yaani lilikuwepo, limekaa mahali pake, ila lilijiuzulu katika mwaka wake wa tisa kiwandani kwa sababu ya makelele. Hakuwa na meza ofisini. Hakuwa na suti ila ile ya harusi, ambayo sasa ilikataa kufungwa vifungo. Hakuwa na adui. Na katika miaka ishirini na miwili ya kutengeneza vyerehani vya kiwanda cha sare za shule, hakuwahi kuwa na barua ya onyo.

Hiyo ya mwisho aliipata Alhamisi, saa nne asubuhi.

Mambo yalianzia kwenye cherehani namba kumi na saba. Dada aliyekikalia aliinua mkono, na Sikio akamwendea na utepe mwekundu mkononi. Ndivyo taratibu zilivyotaka tangu vyerehani vipya vilipoletwa. Kikiharibika kimoja, fundi wa kiwanda anakifunga utepe, anapiga simu, na kesho au keshokutwa wanafika mafundi wa wakala aliyeviuza, na kompyuta yao. Kulegeza hata skrubu moja ni marufuku. Miezi minane sasa, mtu aliyeweza kuijua sindano iliyopinda akiwa amesimama mlangoni, kazi yake ilikuwa kufunga tepe, kama anayepamba ukumbi wa harusi.

"Baba, nifunge na mimi huo utepe nikapumzike," dada yule alisema, na wenzake wakacheka.

"Wewe hujaharibika, umechoka tu. Hebu kiendeshe kidogo."

Akatoa bisibisi mfukoni. Ncha akaiweka kwenye mwili wa cherehani, mpini wa mti akaugandamiza kwenye taya, chini ya sikio lililokufa. Hivyo ndivyo alivyopata jina lake. Alivyoeleza mwenyewe, sikio husikia kelele za chumba kizima, bali mfupa husikia kitu kimoja. Akafumba macho. Mle ndani uzi ulikuwa unakwaruza, mkwaruzo mwembamba kama wa mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba samahani. Hapakuwa na ubovu wowote. Ni vumbi la kitambaa lililonasa kati ya vile visahani viwili vinavyobana uzi.

Mkono ulikwenda wenyewe. Akachomoa pini kwenye kola yake, akalitoa vumbi, akalipuliza. Cherehani kikaanza kuimba. Akina dada wakapiga makofi, na makofi ndiyo yaliyomwita msimamizi.

Barua ilikuwa fupi. Ilimwonya asiguse mashine yoyote isipokuwa kwa kuifunga utepe.

"Mzee, usinichukie," alisema msimamizi, kijana mwenye adabu, huku akimpa kalamu ya kutia sahihi. "Mimi nimetumwa."

"Najua, mwanangu. Mjumbe hauawi. Nionyeshe pa kusaini."

Akaikunja, akaitia mfuko wa kifuani. Humo ilikutana na barua nyingine iliyokuwa imekaa wiki mbili bila jibu. Hiyo ilitoka kwa ushirika wa washonaji: akina mama thelathini na wanane, vyerehani thelathini na vinane, vingi vikiwa na umri mkubwa kuliko wao. Walimtaka awe fundi wao, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Jibu walilitaka Jumatatu.

Neno mkataba halikuwa la kutamkwa ovyo nyumbani kwa Sikio. Pale sebuleni, juu ya redio, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi, ilitundikwa barua yake ya ajira ya kudumu, ndani ya fremu yenye kioo. Alipokwenda kuposa, miaka ishirini iliyopita, watatu walikuwa wanamtaka binti yule yule: mmoja mwenye duka, mmoja mwenye sauti nzuri, na yeye. Yeye aliweka barua ile mezani. Mama mkwe hakujua kusoma, lakini aliomba aonyeshwe neno la kudumu liko wapi, akaliwekea kidole, na mambo yakaishia hapo. Fremu aliinunua mama mkwe mwenyewe. Tangu afiwe na mumewe na kuja kuishi kwao, hakuna mgeni aliyekunywa chai katika nyumba ile bila kwanza kupelekwa ukutani. "Mkwe wangu ni wa kudumu," alikuwa akisema, na kidole chake kililifikia neno lile bila kukosea.

Jumamosi Sikio alimwambia mkewe anakwenda kutazama tu. "Kutazama si kununua," mkewe alijibu, bila kuinua macho kwenye madaftari ya wanafunzi wake.

Ushirika ulikuwa na vyumba vitatu nyuma ya duka la rangi. Mwenyekiti wao, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alimpokea na futi ya kupimia shingoni.

"Fundi, anza na hiki. Kinaruka mishono kama mbuzi."

Sikio akaweka bisibisi, akaegemeza taya, akasikiliza. Kisha akapitisha kidole chini ya cherehani. Kidole kikatoka kinanata, kina rangi ya asali. Akakinusa.

"Nani amekitia mafuta ya kupikia?"

Macho thelathini na manane yalikwenda darini, na mengine yaliyobaki yalikwenda sakafuni.

"Yalikuwa mafuta safi," Mwenyekiti alisema hatimaye. "Tuliyakaangia mara moja tu."

Sikio alicheka mpaka akalazimika kukaa. Hakukumbuka mara ya mwisho kucheka hivyo akiwa kazini. Akaeleza: mafuta ya kupikia hulainisha wiki ya kwanza, ya pili huganda, ya tatu huwa gundi. Akavua shati, akaomba beseni na mafuta ya taa, akakifungua cherehani kipande baada ya kipande na kuvipanga vipande juu ya gazeti kwa namna vilivyotoka, kama familia inayosubiri kupigwa picha. Akina mama wakaacha kazi wakamzunguka. Alipovirudisha vyote na kukanyaga pedali, kitambaa kilipita chini ya sindano na mishono ikatoka imepangana, sawasawa, kama punje za mahindi.

Mwenyekiti alimsindikiza hadi nje. "Kaka, sitakudanganya. Ni mwaka mmoja. Huo wa pili hata sisi hatuujui."

"Heri wewe uliyesema," Sikio alijibu.

Nyumbani mkewe alimpokea mlangoni, akaushika mkono wake na kuuleta puani. Chini ya kucha palikuwa peusi.

"Harufu hii nilikuwa nimeisahau," alisema.

"Nitaosha."

"Nani amekwambia uoshe?" Hakuuachia mkono. "Mwaka ukiisha je?"

"Mwaka utaisha. Vyerehani havitaisha kuharibika."

"Na wakikosa kazi? Kule kiwandani utafika kustaafu ukiwa umekaa."

"Ndiyo. Nikiwa nimekaa, na utepe mkononi."

Mkewe akawaza. Mwanamke huyo alikuwa mwoga wa mambo mapya. Hata njia ya sokoni hakupenda kuibadili. "Naogopa," alisema. "Lakini mimi niliolewa na wewe. Aliyeolewa na barua ni mama."

"Nimesikia!" sauti ikatoka sebuleni. "Mlete huyo mtu hapa, na barua zake zote!"

Sikio aliingia kama siku ile ya posa, mikono imeshikana mbele. Mama mkwe alikuwa amekaa chini ya fremu, fimbo mapajani. Miwani hakuwa nayo. Hakuihitaji, kwa kuwa kusoma kwake kulikuwa kwa kuuliza.

"Hiyo ya ushirika, neno la kudumu liko wapi?"

"Halimo, mama."

"Hm. Nisomee hii ya ukutani. Yote. Miaka ishirini nimeonyesha watu neno moja tu."

Sikio akaisoma. Ilisema ameajiriwa kwa ajira ya kudumu, kazi yake ni kutengeneza na kutunza vyerehani vyote vya kiwanda.

"Na hiyo ya juzi, unayoficha kifuani kama barua ya mchumba?"

Akashangaa alijuaje, lakini akaisoma. Ilisema asiguse mashine yoyote.

Jikoni sufuria ilichemka na kifuniko kikacheza, na hakuna aliyekwenda kuiepua.

"Basi hii ya ukutani inasema uongo," mama mkwe alisema. "Nami nimewaonyesha watu uongo tangu vyerehani vipya vilipokuja. Hata yule mgeni wa Ijumaa. Iteremshe."

"Mama, tunaweza kungoja..."

"Iteremshe, mkwe wangu. Mimi mikono haifiki."

Akaiteremsha. Nyuma yake ukuta ulikuwa na mraba wa rangi ya zamani, ile ya siku walipohamia, mbichi kama jana. Mama mkwe aliutazama, kisha akaifuta fremu vumbi kwa kanga na kuilaza mapajani, badala ya fimbo.

Jumapili alasiri Sikio alikaa mezani kwa mkewe na kuandika kwa mkono wake, jinsi alivyofundishwa katika masomo ya jioni: anuani kulia, tarehe chini yake, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula. Aliandika kwamba anaacha kazi kwa notisi ya mwezi mmoja, anashukuru kwa miaka yote, na kwamba cherehani namba nne kinahitaji kutazamwa mapema, kinalia. Mkewe akaisoma, akarekebisha nukta moja, akamrudishia.

Bahasha ilikuwa ya zamani na gundi yake ilikuwa imekauka. Wakapaka uji wa ngano, lakini mdomo ukawa unafunguka.

"Lete hapa," alisema mama mkwe. Akaiweka chini yake kwenye kiti, akaikalia, akaendelea kusikiliza redio mpaka taarifa ya habari ikaisha. Ilipotoka ilikuwa imeshika, imenyooka, na ina joto.

Makao makuu ya kiwanda yalikuwa katika mji mwingine, na barua za huko zilikwenda kwa posta. Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya kwenda kazini, Sikio alisimama mbele ya sanduku la chuma nje ya ofisi ya posta. Mtu aliyekuwa nyuma yake akakohoa. Sikio akaisukuma bahasha nusu, akaiacha mdomoni mwa sanduku.

Halafu akatoa bisibisi mfukoni, akaweka ncha kwenye chuma na mpini kwenye taya, akafumba macho, akaisukuma bahasha yote, akaisikiliza ikishuka.