Maji Yaliyopita Nyuma

Binti akishamaliza mtihani wa kuingia chuo kikuu, mama atamnyima nini? Daon alitaka bahari. Okhui, mama yake, angependa alale tu nyumbani, lakini Jumatano moja mwishoni mwa Novemba wakapanda feri ya asubuhi kwenda kisiwa cha Norimdo. Abiria walikuwa saba, na shakwe wasiohesabika wakigombea biskuti alizowarushia Daon.

Kisiwani hoteli zote zilikuwa zimefungwa, maboya ya kuogelea yamerundikwa chini ya turubai. Mgahawa mmoja tu ulikuwa unafuka moshi, wa Bibi Punrye, mwanamke wa miaka sabini na ushee, sweta mbili na mabuti ya mpira.

"Karibuni. Kuna tambi za kombe. Msiulize kingine."

Bahari ilikuwa imekupwa, tope na mchanga vimetandaa hadi upeo wa macho. Wakati tambi zinachemka, Daon akaazima ndoo na kijembe akachimbe kombe, samakigamba wa topeni.

"Usifike mbali!"

"Sifiki, mama."

Akafika mbali.

Okhui akakaa dirishani kuchunga bahari. Aliiona kule mbele ya mtoto, imetulia. Akajisemea, ikianza kuja nitaiona. Hapo ndipo alipokosea, na wengi wanakosea hapo hapo. Pwani ile maji hayaanzi kuja kwa mbele. Huingia kwanza kwenye mfereji ulio karibu na ufuko, kimya kimya, nyuma ya mgongo wa mtu.

Bibi Punrye alileta kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, akachungulia nje, akaibwaga sahani mezani.

"Yule kule ni wako?"

Okhui alitoka mbio bila viatu. "Daon! Njoo! Njoo hapa upesi!"

Mtoto akageuka, akaanza kuja moja kwa moja kwa mama yake. Mfereji ulikuwa katikati yao, umeshajaa, na kwa mbali ulionekana kama mchanga uliolowa tu.

Kiganja chenye harufu ya kitunguu saumu kikamziba Okhui mdomo. "Nyamaza! Unamwita kwenye maji! Tope la mle linameza mtu hadi kiunoni!"

Bibi akapanda ukuta wa ufuko na beseni jekundu, akaligonga kwa upawa. "We binti! Geuka! Fuata nguzo za chaza! Nguzo!"

Daon akasimama. Hakumtazama bibi, alimtazama mama. Miaka kumi na minane alikuwa akiitii sauti ya mama. Okhui akainua mikono yote miwili, akamwonyesha nguzo za kufugia chaza zilizoelekea rasi ya mawe, mbali na yeye. Mtoto akampa mgongo, akaenda.

"Asikimbie," bibi akasema, akapunguza mapigo ya beseni, na hatua za binti zikapungua nayo. Bahari hakuitazama kabisa. Alitazama miguu ya mtoto. "Hapo pagumu. Hapo pia pagumu. Pale mbele patamlowesha magoti, asiogope."

Pakamlowesha magoti, hapakuzidi. Okhui alikuwa hajawahi kuona mtu anaijua ardhi iliyo chini ya maji namna ile, kama mtu anavyojua jiko lake gizani.

Alizunguka rasi kwa mbio akamkuta Daon anapanda mawe, meno yanagongana, ndoo bado mkononi.

"Mama, mbona ulinifukuza?"

Okhui akamkumbatia. Bibi Punrye akafika taratibu, akachungulia ndani ya ndoo.

"Kombe tatu. Msichana mzima mzima, kombe tatu!"

Okhui akapiga magoti juu ya mawe, akainama hadi paji la uso likagusa chini, kama anavyowainamia wazazi sikukuu ya mwaka mpya.

"Inuka, mama, utajikwaruza," bibi akasema. "Kiangazi kuna walinzi na vipaza sauti hapa. Siku hizi niko mimi tu, na mimi saa hizi huwa nimelala. Leo niko macho kwa sababu mlitaka tambi."