Nafasi ya Sefo

Sefo Malaulu alimimina maziwa kwenye sahani bapa. Yalijaa, yakapita ukingo, yakatanda mezani, yakaanza kumdondokea mapajani, naye bado ameliinamisha kopo, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza habari za mbali. Renard Guillory, aliyeishi naye chumba kimoja, alisimama mlangoni na mswaki mdomoni akitazama hadi kopo likaisha. Ndipo Sefo alipoona alichofanya, akacheka.

"Nilidhani ni bakuli," alisema.

"Hata mimi ningedhani," Renard alimjibu, akaenda kuleta taulo.

Ilikuwa Jumatatu. Wote wawili walichezea timu ya Pruitt, mji wa maghala ya ngano huko Kansas, katika ule mpira wa kofia ngumu unaochezwa ukumbini, kwenye uwanja mfupi uliozungushiwa mbao zilizovikwa magodoro. Juma hili ukumbi ulikuwa wao, juma lijalo ulikuwa wa maonyesho ya ng'ombe, na aliyeangushwa kifudifudi kwenye zile nyasi za plastiki alinusa yote mawili. Mchana kila mtu alikuwa na kazi yake. Renard alibadilisha matairi kwa fundi. Sefo alibeba mapande ya nyama kiwandani. Jioni walikuwa watu wengine.

Uwanjani walikuwa na kazi moja, ila mmoja aliifanya na mwingine aliingojea. Sefo ndiye aliyekuwa mtu wa kati. Anainama, anashika mpira, na mrushaji aliye nyuma yake anapotoa wito waliopatana, wa kwanza, wa pili au wa tatu, anampitishia mpira katikati ya miguu na papo hapo kusimama kama ukuta. Renard alikuwa mtu wa kati wa akiba. Kwa misimu miwili alikuwa hajasafiri na timu hata mara moja.

Jumamosi iliyotangulia, wakicheza nyumbani, Sefo alisukumwa akapiga kichwa kwenye ubao, pale ambapo godoro moja linaishia na jingine halijaanza. Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Aliinuka bila kushikwa mkono, akajipiga kifua, watu wakamshangilia. Renard alikuwa benchi, mahali pake pa siku zote, na labda ni yeye peke yake aliyeona kwamba hatua tatu za kwanza za Sefo zilielekea benchi la wapinzani.

Jumatatu ile ile jioni alipimwa. Corinne Vasek, binti aliyeajiriwa kuangalia afya za wachezaji, alimsomea maneno matano, akamzungumzisha mambo mengine kidogo, kisha akamtaka ayarudie. Sefo alikumbuka matatu. Corinne akafungua jalada la Februari, siku timu ilipokusanyika, ambapo kila mchezaji hupimwa angali mzima ili akiumia alinganishwe na nafsi yake. Siku ile pia Sefo alikuwa amekumbuka matatu. Basi hakuna kilichopungua. Akatia sahihi.

Renard alikuwa kitanda cha pili mle chumbani mwa Corinne, akifunga bandeji kifundo cha mguu. Alisikia kila kitu, akatazama dari.

Maana yale matatu yalikuwa yake. Februari, kwenye maegesho ya magari, ni yeye aliyemvuta Sefo pembeni, Sefo akiwa mgeni hata njia ya bafuni hajaijua, akamwambia kama yeye mwenyewe alivyoambiwa na waliomtangulia. Siku ya kwanza usijifanye msomi. Ukisikia matano, sema matatu. Wakikusimamisha kwa mguu mmoja, yumba kidogo. Ukija kuumia, watakukuta pale pale walipokuacha. Sefo alicheka hadi akashika mbavu, akasema kwao visiwani, Pago Pago, mtu akijifanya mjinga hupunguziwa chakula. Lakini akafanya, kama wote walivyofanya. Hakuna aliyeuita uongo. Waliuita akiba.

Na mchezo uliofuata ulikuwa wa ugenini, Fort Lyle, Wyoming, mwendo wa saa tisa kwa basi. Mtu wa timu moja kubwa ya Kanada alikuwa ameandika kwamba atakuwepo, na anayetaka kumtazama ni mtu wa kati. Sefo alikuwa na miaka thelathini na moja, umri ambao katika kazi ile watu huanza kukuuliza utafanya nini baadaye. Mke wake, huko visiwani, aliwaambia wazee wa kanisa lao, na kanisa zima likafunga siku moja kumwombea.

Jumanne, mazoezini, mrushaji alitangaza wito wa pili. Sefo akaachia mpira kwenye wa kwanza, ukampata Dillard, yule mrushaji, kooni. Wakacheka. Wakarudia, akaachia kwenye wa kwanza tena. Kocha Hubka alimuuliza kama masikio ameyasahau kiwandani, na mmoja wa wazuiaji akasema yatakuwa yameshasagwa, wayatafute kwenye soseji. Sefo naye alicheka pamoja nao, akijifuta jasho ambalo halikuwa la kukimbia.

Zoezi lililofuata Renard alipangwa kando yake. Wito ulipofika, alimgusa kiunoni kwa kidole, kwa siri, kama mtu anayemwamsha mwenzake kanisani. Mpira ulitoka sawasawa. Akamgusa tena, ukatoka tena. Hadi jioni hapakuwa na kosa, na kocha alisema mbele ya wote kwamba huyo sasa ndiye Malaulu anayemjua. Renard alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Alijiona mtu mwema. Alikuwa amemsitiri mwenzake, tena mwenzake ambaye, akianguka, nafasi yake ingemwendea yeye Renard; na hiyo ndiyo sehemu aliyoipenda zaidi, ingawa hakuitazama kwa karibu.

Jumatano orodha ya wasafiri ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Majina ishirini na moja. Chini yake ukapigwa mstari, na chini ya mstari lilikuwa jina la Renard, mahali ambapo lingeweza kukutwa hata na kipofu.

Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasoma jina la kila mtu na nafasi yake, na alipofika kwa Sefo akaona kilichokosekana. Kidole chake hakikuwa kwenye orodha. Huko Fort Lyle hakuna atakayekuwa kando ya Sefo akijua. Wito utatoka, Sefo atainuka mapema au atachelewa, ataduwaa nusu ya sekunde mbele ya watu wenye ratili mia tatu wanaokuja mbio, na kichwa hicho hicho kitapigwa tena. Wema wake wote wa Jumanne ulikuwa na mwisho, nao ni mlango wa basi.

Alhamisi asubuhi alimngoja Sefo amalize kuvaa viatu. Alivifunga, akavifungua, akavifunga. Renard akamwambia wazi: ugua, sema tumbo linauma, sema lolote, lakini usipande basi.

Sefo hakuinua kichwa. "Corinne amenipima."

"Amepima ule uongo tuliompa."

"Uliompa wewe."

"Niliompa mimi. Kaka, Jumatatu ulimimina maziwa mezani."

"Maziwa," Sefo alisema. Akaikaza kamba ya kiatu. Alipoongea tena sauti ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliouma. "Misimu miwili unaitazama nafasi hii. Sikulaumu, hata mimi ningeitazama. Ukiitaka, kaiombe kwa Kocha. Usipitie kichwani mwangu."

Renard angeweza kula kiapo kwamba haitaki, na kiapo hicho kingekuwa cha uongo mbele za Mungu na mbele ya viatu vile. Aliitaka. Aliitaka hata alipokuwa akimgusa kiunoni. Sefo akasimama, akamshika shavu kwa kiganja chake kipana kama mtu anayesamehe mtoto, akatoka kwenda kiwandani bila kuchukua chakula chake.

Mchana kutwa Renard alifungua nati na kuzikaza, akijipa hoja. Akisema, watasema amemuuza rafiki yake kwa kiti cha dirishani, na hakuna neno atakaloweza kuwajibu. Akinyamaza, hakuna atakayemnyooshea kidole milele. Hata Sefo akipoteza akili zake huko Wyoming, watu watamkumbuka Renard kuwa ndiye aliyekaa naye, aliyempikia, aliyelia. Alipofika hapo alisimama na spana mkononi. Aliliona jambo lenyewe lilivyo, na halikuwa zuri. Si Sefo aliyekuwa akimlinda. Alikuwa akilinda jina lake mwenyewe.

Saa kumi alikwenda kwa Corinne, akafunga mlango.

"Yale matatu ya Sefo si ya kweli," alimwambia. "Ya Februari. Alikumbuka yote matano, akasema matatu."

"Umejuaje?"

"Nilimfundisha mimi."

Corinne alikuwa na miaka ishirini na minne, na huu ulikuwa msimu wake wa kwanza. Alishika kalamu, akaiweka chini. "Na yako?"

"Na yangu."

"Wangapi wengine?"

Renard alitazama safu ya majalada ukutani, tangu mwanzo hadi mwisho. Uso wa yule binti ulibadilika, si kwa hasira, bali kama mtu aliyekuwa akivuka daraja kila siku na leo ameambiwa halina nguzo. Akamuuliza kama anajua ni nani atakayesafiri Sefo akiondolewa. Renard akasema anajua.

Sefo aliitwa kabla ya mazoezi. Hakusomewa maneno. Aliambiwa ataje miezi kuanzia Desemba akirudi nyuma. Alifika Septemba, akarudi Oktoba, akafika tena Septemba, akatabasamu. Aliambiwa afumbe macho na asimame kwa mguu mmoja. Meza ndiyo iliyomdaka. Jina lake likakatwa kwa kalamu nyekundu, na hapo ndipo timu nzima ilipojua, maana mlango wa Corinne ulikuwa mwembamba na sauti ya Renard haikuwa ndogo.

Kocha Hubka alimwita ofisini akampa mfuko wa jezi za safari. Renard alimwomba amwache abaki. Amchukue mtu mwingine yeyote.

"Hakuna mwingine anayejua kuanzisha mpira."

"Kocha, watasema nimefanya kwa ajili ya hii."

"Wameshasema." Hubka alivua miwani, akakaa akiitazama. "Ulitaka useme, halafu ubaki msafi? Utachagua kimoja, bwana. Umeshachagua. Basi linaondoka saa mbili."

Usiku ule Sefo hakumsemesha. Alikaa kitini ameuelekea ukuta, taa imezimwa, kwa sababu mwanga ulimchoma macho. Renard alimwekea wali na nyama ya kopo kama alivyopenda, vikapoa. Asubuhi sahani ilikuwa vile vile, na kiti kitupu.

Ijumaa upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande wa maghala, vumbi la ngano likipita chini ya basi lililokuwa likinguruma. Renard alipakia mfuko wake, na aliyekuwa ameweka wake kando akausogeza. Dillard alimpita bila kumtazama. "Shikamoo, daktari," alisema, na waliokuwa nyuma yake wakacheka kwa puani. Hakuna aliyesema zaidi ya hapo. Angependa waseme.

Ndipo Sefo alipotokea, anakuja kwa miguu, amevaa shati jeupe la kanisani lililofungwa vifungo hadi shingoni. Hakuwa na mfuko. Hakuna aliyemwita, wala hakuna aliyeshangaa. Msimu ule basi lilikuwa halijaondoka Pruitt hata mara moja bila sala yake. Wachezaji husimama duara kwenye maegesho, naye huzunguka ndani ya duara, anamwekea kila mmoja mkono begani, anamtaja kwa jina na kumwombea kitu kimoja: huyu goti lake, yule mama yake aliyelazwa. Safari ya kwanza wengine walificha vicheko. Ya pili waliinamisha vichwa wote. Hata Hubka, asiyeonekana kanisani ila kwenye mazishi, huvua kofia.

Duara likajipanga lenyewe. Renard alisimama mwishoni, akabaki na nafasi kulia na kushoto.

"Bwana, huyu ni Dillard," Sefo alianza, kwa sauti ile ile inayotoka chini kabisa. "Umlinde koo lake." Watu wakacheka kidogo, wakashukuru kwa kucheka. Akaenda kwa wa pili, akamtaja. Wa tatu, akamtaja, akakumbuka hata mtoto wake aliyezaliwa majuzi. Mabega yalishuka. Mmoja alimtupia Renard jicho, na jicho lilisema: sikiliza, mtu mzima huyo. Renard mwenyewe alianza kujiuliza kama alikosea. Kumi na tano. Kumi na tisa. Hakuna jina lililokosewa.

Kisha mkono ukamfikia. Ulikuwa mzito, una joto, ukatua begani kama ulivyotua kwa wengine.

"Bwana," Sefo alisema, "huyu ni..."

Akanyamaza.

Renard alifumbua macho. Uso wa Sefo ulikuwa umbali wa shubiri mbili, macho wazi, yakimtazama, na ndani yake hapakuwa na kitu ambacho mtu angeweza kusoma. Upepo uliyapeperusha maneno ya redio ya dereva. Mtu alikohoa. Pengine Sefo alikuwa na jina lile ulimini na amekataa kulifikisha mbele za Mungu, na kama ni hivyo alikuwa na haki. Pengine alikuwa akilitafuta.

Tangu alipomzika baba yake, Renard hakuwa ameomba kitu kwa kinywa chake. Aliinamisha kichwa, akaomba iwe chuki. Akaomba kwa nguvu zake zote, mbele ya watu ishirini waliosubiri na basi lililokuwa likinguruma: iwe chuki, Bwana, iwe chuki tu.

Mkono ulikuwa bado begani.

"Bwana," Sefo alianza tena, polepole, "huyu ni..."