Kumi na Saba

Yaani alipendeza, jamani, acha tu! Sketi ina mikunjo ya pasi ungeweza kukatia nyanya, soksi nyeupe pe, viatu vinang'aa. Ofisa wa ustawi wa jamii, dada wa miaka ishirini na sita aliyeibeba kazi yake ya kwanza kama yai, alimzunguka yule binti mara mbili pale getini, anacheka peke yake. Miezi kumi na moja katika mahabusu ya watoto, na leo anarudi darasani!

Kila kitu alikipanga. Shule mpya, mtaa mwingine. Mwalimu mkuu tu ndiye aliyejua. Wanafunzi waliambiwa mgeni katoka kwa shangazi yake. Na kwa kuwa jina la binti lilishapita kwenye midomo ya watu wengi mno, ofisa alimwomba mwalimu wa darasa aite mahudhurio kwa namba, angalau wiki ya kwanza. Akajiona mjanja kweli.

Akasimama nje ya dirisha la darasa, mwalimu akaanza kuita. Kumi na tano, yupo. Kumi na sita, yupo.

"Kumi na saba."

Binti alichomoka kwenye dawati kama kavutwa na kamba, akachuchumaa sakafuni, mikono kichwani, macho chini. Ndivyo walivyohesabiwa kule ndani, asubuhi na jioni, kila siku.

Wanafunzi wote wakageuka kumtazama. Kisha mmoja kule nyuma, ambaye kaka yake alishapitia huko, akasema taratibu, "Huyo shangazi yake ana askari mlangoni."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alipiga meza, akafoka, lakini siri ilishatoka. Na binti hakuinuka. Alikuwa anasubiri aamriwe.

Ofisa ndiye aliyeingia kumwinua. Alimpeleka chumba cha walimu, akampa maji, akamwomba radhi mpaka maneno yakamwishia, maana wazo la namba lilikuwa lake. Binti ndiye aliyemfuta yeye machozi, kwa mkono wa sweta, akamwambia si kitu, hata yeye mwenyewe hakujua kama mwili bado unakumbuka.

"Basi niambie," ofisa akasema. "Kila walichokuzoesha kule. Nisije nikakosea tena."

Binti alifikiri kidogo. Akavua sweta jipya la shule, akalikunja pande nne, kingo sawasawa, kama linasubiri kukaguliwa, akalirudisha mapajani mwa ofisa kama kitu alichoazimwa.

"Nitakuambia kesho, dada," alisema, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. "Nikija kesho, nitakuambia yote."