Ripoti ya Afya ya Seva Kuu

Jumatatu asubuhi fundi wa mtandao aliketi kwenye chumba cha seva, kule chini, amevaa koti la mkewe kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi. Alikuwa anaipangia seva kuu vipimo vya afya, ili ijipime yenyewe kila siku na kutuma ripoti kwa barua pepe. Seva hiyo ndiyo iliyoamua nani aingie kwenye mtandao wa ofisi na nani abaki nje, na kila ilipougua, watu mia na kumi walikaa wakitazamana. Alipofika kwenye swali la nini kipimwe, njaa ilikuwa inamsokota, akachagua "vyote vilivyosajiliwa". Waliosajiliwa humo ni pamoja na kila mtumishi mwenye neno la siri.

Ripoti ya kwanza iliingia Jumanne saa mbili kamili. Diski, kijani. Nakala za akiba, njano. Goti la kushoto la dereva, njano. Mhasibu, mimba ya wiki saba, kijani. Wenzake walimpongeza kabla hajajua mwenyewe, akashukuru, akaendelea kutafuta stepla yake. Naibu mkurugenzi, ubongo, nafasi iliyo wazi asilimia tisini na sita, kijani. Naibu aliuchapisha mstari huo na kuubandika mlangoni kwake.

Mstari wa mwisho tu ndio uliokuwa mwekundu. Karani wa masijala, moyo unachelewa kujibu, apumzishwe haraka, ameshaomba likizo mara tatu.

Karani alikuwa mama wa makamo mwenye ulimi wa wembe. Alishuka kwa fundi akisimama kila baada ya ngazi tatu.

"Mdogo wangu, hiyo mashine yako ina utu kuliko bosi. Namwambia kifua kinabana, ananiambia nipunguze chumvi."

"Mpelekee ripoti, dada."

"Nimeshampelekea. Anakuita."

Mkurugenzi alikuwa anatarajia wakaguzi Alhamisi, na nyekundu ilimharibia sura.

"Iondoe," alisema.

"Bosi, huo ni moyo wa mtu. Mpe likizo, itaondoka yenyewe."

"Akiondoka, nani atajua faili ziko wapi? Vipimo umeweka wewe. Vilegeze."

Fundi alijua kulegeza. Diski zilipojaa hakuwa anafuta kitu. Alipandisha kiwango cha onyo na nyekundu ikageuka kijani, na hakuna aliyewahi kuuliza. Safari hii aliona aibu, aibu ya kweli, lakini mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo. Aliandika kwamba moyo wowote uhesabiwe mzima ilimradi mwenyewe yumo kwenye orodha ya watumishi.

Jumatano saa nne karani alifariki juu ya faili. Ndugu zake walikuja, wakalia, wakamzika jioni.

Alhamisi saa mbili kasorobo alikuwa kwenye kiti chake, ana udongo kidogo kwenye nywele. Mhasibu alimpa pole ya msiba. Ripoti ilikuwa kijani mpaka chini, na wakaguzi waliisifu masijala.

Mchana karani alipanda kwa mkurugenzi na ombi la nne, bila kupumzika kwenye ngazi. Mkurugenzi aligeuza kioo cha kompyuta ili naye aone.

"Hapa unaonekana mzima kabisa."

"Bosi, nimezikwa jana."

"Pole sana. Lakini tusiende kinyume na mfumo."

Jioni fundi alimfuata masijala. Hakuweza kumtazama machoni.

"Nisamehe, dada. Nimekukosea sana."

"Msamaha baadaye. Nifute kwanza kwenye hiyo mashine, nikalale."

"Kumfuta mtumishi lazima fomu isainiwe na mkurugenzi."

Karani alisonya. Fomu alijua ilipo. Aliijaza kwa mwandiko wake mzuri, akaiweka kwenye trei ya mkurugenzi, juu ya maombi yake manne ya likizo, kisha akarudi kupanga faili za Ijumaa.