Shibiri Moja

Mkono wa kushoto wa Radi ulikaa mbali mno na mpira mweupe kwenye meza ya puli, ndiyo maana alikuwa amefungwa michezo minne mfululizo. Akifungwa wa tano, nafasi yake ya kucheza fainali kwenye timu ya karakana ingekwenda kwa shemeji yake, fundi wa kupaka rangi, kaka wa mkewe. Na huo wa tano ungechezwa Jumamosi alasiri, dhidi ya shemeji huyohuyo.

Radi alikuwa fundi wa kuchomelea, mikono mirefu kama makasia. Alizoea kuweka mkono shibiri mbili nyuma ya mpira, akaivuta fimbo mpaka kwapani, akaiachia. Mipira ilitawanyika kila upande, watu wakapiga mayowe, na jina la Radi likamganda. Lakini fimbo inayotoka mbali huyumba njiani. Ikikosea hapa kwa unene wa ukucha, kule mwisho mpira unalipita shimo kwa nusu kiganja.

Aliyegundua ni mkewe, fundi cherehani, ambaye hajawahi kuishika fimbo hata siku moja.

"Baba Mapacha, nikishona, vidole vyangu viko wapi?"

"Karibu na sindano."

"Nikiviweka kule mwisho wa meza?"

"Utashona kaptula, litoke pazia."

"Basi wewe ndiye unayeshona mapazia."

Radi alicheka, kisha akaacha kucheka. Wiki nzima alijifunza kwenye meza ya kulia, kwa mpini wa ufagio na kitunguu. Shibiri moja, isizidi. Mpini ulitulia, ukaenda ulikotumwa. Nguvu ilipungua, na hilo lilimuuma kama jino.

Jumamosi mabenchi yalijaa, watu kumi na wanane. Shemeji alisugua chaki akicheka.

"Shemeji, mbona umejikunyata kama unachungulia tundu la funguo?"

"Cheza, shemeji. Rangi inakauka."

"Radi! Pasua!" watu walipiga kelele.

Hakupasua. Aliingiza mmoja, akaizunguka meza, akapima, akaingiza mwingine. Nyuma mtu alipiga miayo bila haya. "Hii ni puli au matanga?" Mwingine aliondoka akisema ameacha nguo kambani.

Ukabaki mpira mweusi, kona ya mbali. Shemeji naye alikuwa amebakiza mmoja tu. Radi akikosa, kwisha habari yake. Mkono ulianza kurudi nyuma wenyewe, kama mbuzi anayeijua njia ya nyumbani. Akausogeza mbele. Shibiri moja. Akagonga. Mpira mweusi ulijikokota, ukasita mdomoni mwa shimo, ukazama.

Shemeji alimpa mkono. "Umenifunga. Lakini umenichosha, shemeji!"

"Kapumzike. Fainali nacheza mimi."

Radi aliiweka fimbo ukutani, akageuka kuyatazama mabenchi. Walikuwa wamebaki watu wanne, na mmoja wao alikuwa amelala.